Jina kubwa, bweni ya kaunti au kutwa ya karibu? Kujaza nafasi 12 za gredi ya 10 ukiwa Nakuru au Kisumu

Saiba yangu iko Shabab, Nakuru: mashine nne, printa moja inayokohoa na benchi la wanaosubiri. Mwaka 2025, watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipofika gredi ya 9, benchi hilo lilijaa wazazi wa kuchagua shule ya sekondari ya juu, inayoanza gredi ya 10. Anaingia mama, anaweka mkoba magotini, hata salamu hajamaliza: "Mama Brayo, hebu nitafutie Maseno." Namtafutia. Maseno ni Maseno, iko tangu 1906, sina ugomvi nayo. Lakini nikimuuliza mtoto anataka kusoma masomo gani, ananitazama kana kwamba nimemuuliza mshahara wa mumewe.

Brayo wangu alikuwa kwenye kundi hilohilo la kwanza. Na mimi niliyekuwa nashauri Shabab nzima nilijaza nafasi moja kwa uzembe, na mfumo wa wizara wa kupanga wanafunzi mtandaoni ukamtupa palepale. Mwaka huu ni zamu ya binti ya dada yangu, Nyalenda, Kisumu. Tumekuwa tukipigiana simu usiku bando za bei rahisi zikifunguka, tukilinganisha shule moja moja. Haya ndiyo tuliyopima, na msimamo wangu nautoa mapema: anza kujaza na zile tatu za kutwa. Hizo ndizo watu huachia dakika tano za mwisho.

Zile 12 zinagawanywaje

Kwa utaratibu wa kundi la 2025, mtoto anachagua mkondo, yaani upande wa masomo anaoutaka, kisha ndani ya mkondo anachagua mseto wa masomo matatu. Anaweka miseto mitatu: anaoupenda zaidi, wa pili, wa tatu. Kila mseto unabeba shule nne. Nne mara tatu, 12.

Halafu kuna mgao wa kulala. Kati ya hizo 12, tisa ni za bweni: tatu za kaunti yake, sita za nje. Tatu zinazobaki ni za kutwa, na lazima ziwe ndani ya kaunti ndogo anamoishi. Mwalimu wa darasa atakuwa na waraka wa mwaka huu. Mwombe uusome kwa macho yako, usikubali kusimuliwa na mzazi mwenzako kwenye stejini.

Sisi tulioolewa Butere, kaunti ya Kakamega, na kuishi Nakuru tuna kitendawili chetu: kaunti ya mtoto ni ipi? Shemeji yangu alinipigia kutoka huko akiwa tayari ameshaamua. "Shemeji, huyo kijana ni wa kwetu, andika Kakamega School. Green Commandos! Utamwachaje asome Nakuru kama mpangaji?" Nikamwambia shemeji, asante, nitamfikishia. Kisha nikaenda kumuuliza mwalimu mfumo unamsoma Brayo kuwa wa kaunti gani, kwa sababu hesabu ya tatu na sita inaanzia hapo. Ukikosea hapo, unakuwa umehesabu za nje kama za nyumbani.

Makundi ya shule unayajua, lakini kwa ajili ya nyanya anayesoma hii: C1 ni zilizokuwa shule za kitaifa, C2 ni za extra-county ambazo wazee bado wanaziita za mkoa, C3 ni za kaunti, C4 ni za kaunti ndogo, nyingi zikiwa za kutwa. Huku kwetu na magharibi, ukitaja C1 watu wanataja Maseno, Kakamega, Kamusinga, Chavakali na St Mary's Yala kwa wavulana. Butere, Bunyore, Lugulu na Ng'iya kwa wasichana. Nakuru Boys na Nakuru Girls hapa mjini. Hizo shule kumi na moja zilitafutwa kwenye mashine zangu kuliko shule nyingine zote za Kenya zikijumlishwa.

Kitu ambacho wengi hawakukitambua: uteuzi unafanyika kabla ya KJSEA, mtihani wa mwisho wa gredi ya 9, lakini huchagui ukiwa kipofu. Mtihani huo ni asilimia 60 tu ya alama. Asilimia 20 inatoka KPSEA, mtihani wa gredi ya 6, na 20 nyingine inatoka tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8. Kwa hiyo siku unayoshika fomu, asilimia 40 imeshaandikwa na iko mahali. Nenda shule uombe kuiona. Masomo ni tisa, kila moja lina pointi nane juu kabisa, jumla 72. Mtoto ambaye tangu gredi ya 7 anaandikiwa "anakaribia matarajio" kwenye Hisabati na Sayansi hageuki kuwa mwingine kwa wiki moja ya mtihani. Weka majina makubwa mawili matatu kumfurahisha babu. Usiyaweke tisa.

Mkondo kabla ya geti

Mikondo ni mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Serikali ilipanga takriban asilimia 60 ya watoto waende STEM, 25 Sayansi ya Jamii, 15 Sanaa na Michezo. STEM inatarajiwa kuwepo kila shule. Sanaa na Michezo ziko kwenye shule chache, kwa hiyo mtoto wa muziki ramani yake ya shule inakuwa nyembamba tangu mwanzo, na huenda akalazimika kwenda mbali hata kama roho yake ni ya nyumbani. Sina mengi ya kusema juu ya mkondo huo. Wazazi wawili tu walinijia nao, na mmoja alibadilisha nia kabla sijafungua ukurasa.

Ugomvi mkubwa ni kati ya STEM na Sayansi ya Jamii, na kiini chake ni Hisabati. Kila mtoto anasoma masomo saba: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, mafunzo ya kuhudumia jamii, na yale matatu ya mseto wake. Lakini Hisabati si moja. Wa STEM wanasoma ile nzito, walimu wanaiita Core. Wa mikondo mingine wanasoma nyepesi ya kuwatosha maishani. Wazazi wakisikia hivyo wanagawanyika mara moja. Mmoja anasema, "Afadhali, Hisabati imekuwa ikimliza." Mwingine anasema mtoto wake hatafungiwa mlango wa uhandisi akiwa na miaka kumi na mitano.

Wote wana hoja. Mtoto anayesoma Core kwa machozi atazoa alama mbovu kwenye somo hilo na kwenye Fizikia pia, na mlango anaodhaniwa kuachiwa wazi utakuwa wazi kwa jina tu. Lakini yule anayeimudu, hata kama leo anasema anataka uanasheria, mimi singemtoa STEM kwa sababu ya kipindi cha televisheni. Binti ya dada yangu anapenda Historia na Fasihi mpaka anatoa hotuba jikoni. Hisabati anapata "anafikia matarajio" bila kujituma. Dada alitaka miseto yote mitatu iwe ya Sayansi ya Jamii. Nilimwambia miwili iwe hiyo, wa tatu uwe wa STEM wenye Biolojia, halafu tukagombana kidogo, halafu akaniambia nimekuwa kama mama. Bado hajaamua.

Kumbuka kwamba si kila shule inafundisha kila mseto. Orodha ya miseto ya kila shule iko kwenye mfumo. Baba mmoja alikuwa ameandika shule sita kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko mzuri kabisa. Tulipofungua moja moja, mbili hazikuwa na mseto wa mtoto wake. Alikunja karatasi, akakaa kimya, akaomba maji.

Pesa, kwenye karatasi moja

Kiwango cha juu cha karo ya bweni ambacho wizara imekuwa ikitumia ni shilingi 53,554 kwa mwaka kwa zilizokuwa shule za kitaifa na baadhi ya shule za miji mikubwa, Nakuru na Kisumu zikiwemo, na 40,535 kwa bweni nyingine. Malipo hugawanywa 50, 30, 20 kwa mihula mitatu, kwa hiyo nusu nzima inakusubiri Januari, mwezi ambao hata chumvi ni ghali. Serikali inalipa mgao wake wa 22,244 kwa kila mwanafunzi, ndio maana kutwa haina karo ya masomo. Ina chakula cha mchana.

Hii ni hesabu niliyomfanyia Brayo kwa muhula wa kwanza, bei za karo nikizichukua kwa wizara na nyingine nikiziuliza hapa mjini. Za kwako zitatofautiana.

| | C1 ya mbali (magharibi) | Bweni ya kaunti | Kutwa |
|---|---|---|---|
| Karo, muhula wa kwanza | 26,777 | 20,268 | 0 |
| Chakula cha mchana | ndani ya karo | ndani ya karo | 4,500 |
| Sanduku, godoro, blanketi, shuka, ndoo | 9,500 | 9,500 | 0 |
| Sare | 8,000 | 8,000 | 5,500 |
| Sabuni, dawa ya meno, pesa za mfukoni | 4,000 | 4,000 | 0 |
| Nauli | 5,000 | 1,200 | 4,800 |
| Jumla | 53,277 | 42,968 | 14,800 |

Nauli ya kutwa ni shilingi 40 kwenda na 40 kurudi, siku tano, wiki 12. Akitembea inafutika. Nauli ya mbali nimehesabu mzazi kumpeleka na kurudi, na mtoto kurudi nyumbani muhula ukiisha. Sijaweka siku ya wazazi kutembelea, kuku wa kukaanga, soda na nauli ya dada zake wanaotaka kwenda kumwona.

Ukiangalia jumla tu utasema kutwa imeshinda, tufunge mjadala. Lakini nyumbani anakula. Kijana wa miaka kumi na mitano anayerudi jioni anakula kama mfanyakazi wa mjengo. Anatumia taa. Anaoga. Anaomba bando la kufanya utafiti, na ukweli wa utafiti huo unaujua. Nilijaribu kuweka bei ya hayo nikaacha, maana ningejikuta namdai mwanangu ugali. Hata hivyo gharama hizo za nyumbani hazifiki ile tofauti ya elfu 38 kati ya kutwa na C1 ya mbali, na hilo ndilo lililonifanya niache kuona kutwa kama adhabu.

Kuhusu basari: zipo, omba, jaza za eneo bunge na za kaunti zote. Ila usipange Januari kwa pesa ya basari. Wengi walioprinti fomu za basari kwangu Januari walirudi wakiniuliza kama majina yametoka, na mtoto wakati huo yuko nyumbani, ametumwa karo.

Bweni inashinda wapi, kutwa inashinda wapi

Nyumba ndiyo inayoamua, na watu hawapendi kuisema. Kama mnaishi chumba kimoja Kaptembwo, watu sita, jirani ana redio, na taa ni tokeni inayokata saa tatu, mtoto wa kutwa hatasoma usiku. Atasoma alfajiri kama ana nidhamu ya mtawa. Kwa nyumba kama hiyo bweni, hata ya C3 isiyojulikana na mtu, inampa meza, taa na saa mbili za kimya kila usiku. Hiyo ni mali, na haionekani kwenye jedwali langu.

Kwa wasichana kuna hesabu nyingine. Akirudi kutoka shule anapewa mtoto mchanga, sufuria na ufagio, na kaka yake anapewa nafasi ya kupumzika. Nimelelewa hivyo, naijua. Kuna pia njia ya kurudi: giza, vichochoro, na waendesha boda wenye ukarimu wa kutilia shaka. Dada alinieleza njia ya binti yake kutoka shule mpaka mlangoni, kona moja moja, na nikamwambia kama huwezi kuitembea mwenyewe saa kumi na mbili na nusu jioni bila kugeuka nyuma, hiyo shule haiko karibu, hata ramani ikisema kilomita moja.

Upande wa pili, kuna watoto ambao singewapeleka bweni hata nikilipwa. Mtoto mwenye selimundu, na huku magharibi wako wengi, anahitaji mtu anayejua uso wake unabadilikaje maumivu yakianza, na kliniki yake iwe karibu. Mtoto wa pumu. Mtoto anayekojoa kitandani bado. Wapo wa miaka 15, na bweni la vijana 80 halina huruma. Na mtoto ambaye ametoka tu kufiwa. Kwa hao usiangalie herufi C.

Na kama unaenda bweni, nenda ulale kwa macho kabla mtoto hajalala kwa mwili. Tangu moto wa Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, uliochukua wavulana 21, mimi siulizi tena shule inatoa wastani gani kabla ya kuuliza mlango wa bweni unafungukia upande gani. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unataka milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, iko kila nyumba. Shule inayokasirika ukipima kitanda imekujibu.

Kilicho nyuma ya lango

Shule mbili za kutwa tulizozitembelea na Brayo zilinifunza kuliko mfumo wote. Sizitaji.

Ya kwanza ina lango jipya, rangi ya samawati, kaulimbiu imeandikwa kwa herufi za chuma. Mwalimu wa zamu alitupokea vizuri. Nikaomba kuona maabara. Alitafuta ufunguo dakika kumi, mlango ukafunguka kwa bega. Meza zilikuwa na vumbi ambalo Brayo aliandika jina lake kwa kidole. Nilishika bomba la gesi la meza ya mbele likazunguka mkononi kama kifuniko cha chupa. Halikuwa limeunganishwa na kitu. Kwenye mfumo, shule hiyo inafundisha Fizikia, Kemia na Biolojia.

Ya pili lango lake ni mabati. Maabara ni darasa la kawaida lililotiwa sinki mbili. Lakini chupa za kemikali zilikuwa na lebo za mkono, na ubaoni kulikuwa na jedwali la majaribio ya wiki, mengine yamekatwa kwa chaki, yamefanywa. Nilipouliza mwalimu wa Fizikia ni nani, mtoto mmoja alimwonyesha kwa kidole kupitia dirishani bila kufikiria. Hilo swali napenda kuwauliza wanafunzi, si ofisi. Ofisi itakuambia walimu wapo. Mtoto atakuambia huyo mwalimu wa Fizikia ni yuleyule wa Kemia na wa Hisabati, na leo hayuko.

Kwa Sayansi ya Jamii usitafute maabara, tafuta maktaba, na ndani yake tafuta vitabu vilivyochakaa. Vikiwa vipya vyote kwenye rafu, hakuna anayevisoma.

Mpaka unaopita katikati ya mtaa

Hapa ndipo dada aliponipigia akilia kwa hasira. Za kutwa lazima ziwe ndani ya kaunti ndogo unamoishi, na Nyalenda imekatwa vipande viwili. Kwenye ramani ya uchaguzi, Nyalenda A iko Kisumu Mashariki, Nyalenda B iko Kisumu ya Kati. Ukivuka barabara umebadilisha eneo bunge. Manyatta nayo hivyohivyo: wodi ya Manyatta B iko Mashariki, upande wa Kondele uko Kati. Shule anayoweza binti kutembea kwa dakika 12 inaweza kuwa ya jirani kisheria, na ile iliyo yake ikataka matatu.

Nakuru tunayo yetu. Mtu wa Lanet akijitambulisha Nairobi anasema anatoka Nakuru mjini. Wodi ya Lanet-Umoja iko Bahati. Na mipaka ya elimu si lazima ifuate ya bunge, kwa hiyo usinitegemee mimi wala chifu. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, au mwalimu mkuu, shule ya mtoto na nyumba yenu vinahesabiwa wapi.

Halafu majina. Shule zenye jina la mtakatifu mmoja ziko nyingi, na kuna sekondari ya jina fulani hapa na nyingine ya jina hilohilo kaunti ya tatu. Soma msimbo (code) wa shule, kaunti, kaunti ndogo, jinsia, na kama ni bweni, kutwa au zote mbili. Mama mmoja alichagulia binti yake shule ya wavulana. Mfumo ulikataa, tukacheka wote, lakini kwa kosa la kaunti mfumo haukatai.

Nafasi ya 11

Sasa kosa langu. Za bweni tulizijadili wiki mbili. Kutwa ya kwanza ilikuwa ile ya lango la mabati. Ya pili ilikuwa nzuri pia, ya rafiki yangu anayefundisha hapo. Ya tatu, nafasi ya 11 kwenye karatasi yetu, niliijaza nikiwa na wateja wawili wanasubiri. Nililijua jina lake kwa sababu kuna matatu inayoandika hilo jina kwenye ubao wake wa mbele. Nikasema basi, itakuwa karibu na barabara.

Matokeo ya KJSEA yalitoka Desemba 2025. Brayo alipata pointi 51 kati ya 72. Si mabaya, wala si ya Maseno. Upangaji ulipotoka, akawa nafasi ya 11. Iko kaunti ndogo yetu kweli, upande wa pili kabisa: matatu mbili asubuhi, ya pili haijazi mpaka saa moja na nusu. Tulikwenda kuiona tukiwa na barua ya mwito tayari mkononi, na mwanangu alinyamaza njia nzima. Hakunilaumu. Ningependelea anilaumu.

Baada ya upangaji wa kwanza, wizara ilifungua nafasi ya kuomba kubadilishiwa. Kama mtoto wako yuko kwenye hali hiyo, jua kinachohesabika ni kama shule unayoitaka bado ina nafasi kwenye mseto ule, kwa hiyo anza kwa kwenda kuuliza kule unakotaka, usianze kwa kubonyeza. Mimi nilikwenda lango la mabati asubuhi na barua, nakala ya matokeo na karatasi yetu ya uteuzi iliyoonyesha kwamba tuliiweka kabla ya ile ya 11. Mwalimu aliangalia hiyo karatasi muda mrefu kuliko nyingine. Gredi ya 10 ilianza Januari 12, 2026. Brayo aliingia baadaye kidogo, na sare ya shule yake ya zamani kwa wiki mbili za mwanzo. Anatembea dakika 25. Fizikia wanafanya majaribio kwa makundi ya watu saba, na huwa analalamika kwamba kuna kijana hashiki chochote ila majibu.

Hiyo karatasi nisingekuwa nayo kama si kwamba mimi ni mtu wa saiba na naprinti kila kitu. Mwalimu akishaingiza uteuzi wa mtoto wako kwenye mfumo, omba nakala, au angalau piga picha ya skrini ikionyesha jina, nambari ya tathmini na shule zote 12 kwa mpangilio. Fanya hivyo siku hiyohiyo, kwa sababu wiki mbili baadaye mwalimu atakuwa amesahau na wewe utakuwa unakumbuka unachotaka kukumbuka. Wateja wangu watatu walikuwa na uhakika wameweka shule fulani ya kwanza. Tulipoipata karatasi, mmoja alikuwa sahihi.

Kwa binti wa Nyalenda tumeanza na za kutwa, kama nilivyosema. Mbili ziko sawa. Dada ametembea njia zote mbili jioni, moja amevua viatu kwa sababu ya matope. Bweni saba zimejaa, Butere ikiwemo, maana kuna shemeji mahali lazima afurahi. Mseto wa tatu bado ni mjadala. Nafasi ya kutwa ya tatu iko wazi, imeandikwa alama ya kuuliza kwa penseli, na Alhamisi dada ameomba ruhusa kazini aende kuifungua hiyo maabara mwenyewe.